Kwenda Moyale kwa Gari, Maneno ya Mtu wa Pwani

Ukimwambia mtu wa Mombasa kwamba unakwenda Moyale, kule mpakani na Ethiopia, kwa gari lako mwenyewe, atakuuliza nani kakutuma. Kwa fikra zetu huko wanakwenda walimu waliopewa uhamisho, askari na madereva wa malori, watu wasiokuwa na hiari. Mwenye akili zake, mwenye bahari mlangoni, atafute nini jangwani? Jirani yangu mmoja hapa Bondeni alinipa pole.

Aliyenituma ni ami yangu. Miaka ya 1980 alikuwa taniboi, msaidizi wa dereva, wa malori yaliyopakia saruji na unga Mombasa kwenda kushusha Marsabit na Moyale, na sisi watoto wa nyumba ile tumekulia hadithi za njia hiyo: vumbi linaloingia mpaka ndani ya chupa ya chai, kulala chini ya lori, kukaa Isiolo kungoja malori yatimie yaondoke kwa msafara mmoja na polisi, abiria wamekalia vyuma vya juu na ng'ombe wako chini yao. Kutoka Isiolo mpaka mpakani ilikuwa siku mbili, tatu, na zaidi mvua ikinyesha. Kufikia mwaka 2017 njia yote hiyo ilikuwa imetiwa lami. Tulipomwambia hakuamini. Tukamwonyesha picha kwenye simu, akasema picha siku hizi zinatengenezwa. Basi mwezi wa nane tukapakia gari, twende akaitazame kwa macho yake.

Watu wakiizungumzia barabara ile siku hizi wanaitaja lami tu: lami safi, haina shimo, Isiolo mpaka Moyale unafika mchana wa siku moja. Ni kweli. Ila mimi nimeipita na mtu aliyeijua kabla, na naona lami imeondoa mateso ikauacha umbali palepale ulipokuwa. Na umbali usiouma ndio unaomponza dereva.

Kabla ya kustaajabia jangwa la wenzetu, tukumbuke na sisi tunalo. Ukishapita Mariakani minazi inakatika, miti inakuwa mifupi yenye miiba, udongo unageuka mwekundu, na hapo umeshaingia nyika ya Taru. Misafara ya biashara iliyotoka Mombasa kwenda Taita na Uchagani katika karne ya 19 iliogopa sana kipande kile, kwa sababu maji yake yalikuwa ya kuokoteza kwenye mashimo ya miamba, na mashimo yakikauka hakuna wa kumlilia. Rebmann, yule mmishonari wa Rabai, aliivuka nyika hiyo mwaka 1848 katika safari aliyoiona Kilimanjaro. Sisi tunaivuka vioo vimefungwa, kiyoyozi kinavuma, tunalalamikia matrela. Na bomba la Mzima, lililojengwa miaka ya 1950 kuleta maji ya chemchemi za Tsavo mpaka Mombasa, linaivuka nyika hiyohiyo. Ukifungua mfereji Tononoka na maji yakatoka, huenda yamepita jangwani kukufikia.

Mackinnon Road Ami akanisimamisha. Pale pana msikiti na kaburi la Seyyid Baghali Shah, na kwa madereva wa enzi zake, kupita bila kutoa sadaka ni kujitafutia pancha. Akatoa, akaomba dua, tukaendelea. Nairobi sina la kusema, foleni tunazijua. Mlima Kenya tuliuzunguka kwa upande wa Nanyuki na Timau, kwenye mashamba ya ngano na baridi iliyomfanya Ami ajifunike vikoi viwili.

Kutoka Timau barabara inaporomoka. Kwa muda mfupi tu unashuka zaidi ya mita 1,000, masikio yanaziba na kuzibuka, sweta inavuliwa, na chini unapokewa na joto ambalo mtu wa Mombasa anadhani analijua. Halijui. Nitalirudia.

Isiolo ndio mlango. Wakati wa Mwingereza, upande wa kaskazini wa hapo ulikuwa wilaya ya mpakani iliyofungwa, huingii wala hutoki bila kibali. Baada ya uhuru vikaja vita vya shifta, waasi waliotaka upande huo ujiunge na Somalia, mwaka 1963 hadi 1967, na sheria za hali ya hatari zilizodumu mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1990. Ami anakikumbuka kizuizi, daftari la kuandikishwa majina, na askari anayetaka kujua unakwenda kwa nani. Mpaka leo utamsikia mzee wa huko akisema kijana wake yuko Kenya, maana yake yuko Nairobi. Watu wengine hulishangaa jambo hilo. Mimi halikunishangaza. Na sisi tunasema fulani kaenda bara, na bendera nyekundu ya Sultani ilipepea Fort Jesus mpaka mwaka 1963.

Kutoka Isiolo mpaka Moyale ni kilomita 500 hivi na Marsabit iko katikati, kwa hiyo hesabu ya mafuta ni rahisi: jaza Isiolo, jaza tena Marsabit. Maji tulibeba mitungi ya lita 20, mingi kuliko tuliyohitaji sisi wawili. Ami ndiye aliyeshikilia, na sikumwelewa mpaka baadaye.

Kwenye tairi tulibishana. Wazee wa malori wana mazoea yao: tairi likipata moto mchana, unasimama unalipunguza upepo, eti lisipasuke. Fundi wa tairi pale Isiolo, kijana wa maneno machache, alimsikiliza Ami kwa heshima zote huku akifuta mikono kwa tambara.

"Mzee," akasema, "upepo pima asubuhi, tairi likiwa baridi. Mchana kuongezeka ni kawaida yake. Ukilipunguza linalegea, linajikunja zaidi kila linapozunguka, na huko kujikunja ndiko kunakolitia moto. Hilo ndilo linalopasuka."

Ami akanigeukia mimi. "Mashallah, vijana siku hizi wamesoma." Lakini njia nzima hakugusa valvu.

Njia inafunguka ukishavuka daraja la Ewaso Nyiro pale Archers Post, mto wa maji ya kahawia wenye mikoma kando yake. Mbele linatokea jabali la Ololokwe, mlima wa mwamba wenye kichwa kilichokatwa sawa, mtakatifu kwa Wasamburu. Unaliona muda mrefu kabla hujalifikia, na linabaki kwenye kioo muda mrefu baada ya kulipita. Kisha Sereolipi, Merille, Laisamis. Ami aliyataja majina kabla ya vibao kutokea, na kati ya jina na jina ni vichaka vya miiba, vichuguu, korongo la mchanga lenye daraja jipya, na vichaka tena.

Ugumu wa njia nikauonea hapo. Dereva wa Mombasa amezoea kuendesha kwa kuudhiwa. Tuktuk inakuchomekea Mwembe Tayari, matatu inasimama katikati ya njia Buxton, mkokoteni wa maji unakukatiza Makupa, na maudhi hayo yote ndiyo yanayokuweka macho. Jangwani hakuna wa kukuudhi. Barabara inanyooka mpaka inakuwa uzi, na mwisho wa uzi panang'aa maji. Ni mazigazi: hewa iliyogusana na lami imepata moto kuliko iliyo juu yake, mwanga unapinda, na unachokiona kimemwagika barabarani ni kipande cha mbingu. Kinarudi nyuma kadiri unavyosogea. Macho yanaganda hapo. Mguu unakandamiza mafuta bila wewe kujua, mshale unapanda, na kwa kuwa hakuna mti wa karibu wala nyumba ya kupimia mwendo, 120 unaiona 70. Kichwa kinaanza kuota na macho yako wazi.

Ami ana dawa yake, na si miraa. Anasema kazi ya taniboi, kabla ya kupakia na kabla ya kufunga turubai, ni kumzungumzisha dereva. Mazungumzo yenyewe yana ufundi. Hadithi ndefu hailetwi, kwa sababu dereva atasikiliza na anayesikiliza husinzia. Dereva anaulizwa maswali.

"Nitajie watoto wa shangazi yako wa Kizingo, kwa mpangilio wa kuzaliwa."

Nikataja.

"Huyo wa nne kamwoa nani?"

Nikababaika.

"Simama, baba. Tushuke tunyooshe miguu."

Tulisimama mara nyingi kwa ajili ya huyo wa nne. Kila nikizima injini kimya kinaingia masikioni, kisha polepole unaanza kusikia vitu: chuma cha boneti kikipoa, kengele ya mbao ya ngamia ambaye humwoni, na upepo.

Sasa lile joto. La Mombasa linakulowesha, unajua umepata moto kwa sababu shati limekunata. La huko ni kavu, jasho linakauka kabla halijapata nafasi ya kushuka, kwa hiyo unajiona hujatoka hata tone. Alasiri nikavua shati langu jeusi nikakuta limechorwa mistari myeupe ya chumvi mgongoni na kwapani. Mwili umemwaga maji kutwa nzima bila kunipa habari. Kunywa kabla ya kiu, kidogokidogo, hata kama umezoea kusubiri koo likauke. Na soda si maji, nawaambia wale wanaobeba katoni.

Baada ya Laisamis gari likaanza kusukumwa kutoka kulia, nyuma kidogo. Unaushika usukani ukiuvuta upande wa upepo ili gari lende sawa, na baada ya muda mkono unasahau kwamba unavuta. Hapo linakuja trela kutoka Moyale. Likifika ubavuni linasimama kati yako na upepo, kwa nukta moja pana utulivu, na mkono wako uliosahau unakupeleka kulia, kwenye magurudumu yake. Kisha linapita, na upepo unakurudisha kushoto kwa kofi. Trela la kwanza lilinitoa jasho ambalo hata jangwa halikuwahi kulikausha. "Legeza mkono," Ami akasema, "na punguza mwendo kabla halijafika. Upepo haushindwi kwa nguvu." Waliobeba mizigo mirefu kwenye gari dogo, magodoro juu ya paa na kadhalika, wajihadhari mara mbili.

Nilitaka kujua upepo ule unatoka wapi, na jawabu nililolipata ni kwamba unatoka kwetu. Kati ya milima ya Ethiopia na nyanda za juu za Kenya pana mwanya. Hewa inayotoka Bahari ya Hindi inapita hapo, inabanwa, inaongeza kasi, na inakwenda hivyo mwaka mzima kuelekea Ziwa Turkana na kupita. Wataalamu wa hali ya hewa wameupa upepo huo jina la ziwa hilo. Unyevu wa bahari unabebwa mbio, haupati nafasi ya kunyesha, na hiyo ni sababu mojawapo ya ukame wa pale. Nikamweleza Ami. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Kwa hiyo tumewapelekea upepo, mvua tumewapitisha nayo juu."

Upepo huohuo ndio unaozungusha mitambo ya umeme iliyo karibu na ziwa, 365 kwa hesabu, yenye uwezo wa megawati 310. Ilishushwa bandarini kwetu, ikapandishwa kwenye matrela, na ilipofika Laisamis ikakata kushoto kuingia njia ya kilomita 208 iliyotengenezwa upya kwa ajili yake. Panga moja lina urefu wa mita 25 hivi. Hebu fikiria kulipitisha panga hilo Changamwe, katikati ya wote wenye haraka zao barabarani, mpaka kwenye mawe ya Turkana. Mradi ulizinduliwa rasmi mwaka 2019 na hotuba zikatolewa. Dereva aliyeulizwa kona ipi ilimtesa sikumwona.

Kuna jambo moja ambalo vibao havisemi. Katikati ya pasipo na kitu, mbali na kijiji chochote unachokiona, amesimama mtoto na mtungi mtupu wa manjano ameuinua juu. Lifti haitaki, na pesa ukimpa atapokea lakini hataondoka. Anataka maji. Ukisimama wanatokea wengine kutoka kwenye vichaka ambavyo ungeapa havina mtu. Hapo nikaelewa mitungi ya Ami ilikuwa ya nani. Tulimimina mmoja baada ya mmoja. Msichana wa miaka kumi hivi alikinga kiganja chini ya mdomo wa mtungi wake ili yanayoponyoka yasiende mchangani, na yaliyojaa kiganjani akampaka mdogo wake usoni, kisha akalamba kilichobaki kwenye vidole. Alifanya hivyo bila haraka.

Mombasa tunaijua bei ya mtungi mifereji ikikauka, na tunajua kumkimbilia mwenye mkokoteni kabla hajamaliza mtaa. Lakini kwetu mkokoteni unakuja. Huko, ukame uliowashika kuanzia mwaka 2020 hadi 2023 ulipitisha misimu mitano mfululizo ya mvua iliyofeli, na watu waliotegemea ng'ombe na mbuzi waliwaona wakianguka mmoja mmoja. Ami anasema zamani kila lori lilibeba pipa la watu wa njiani, na dereva asiyesimama alijulikana kwa jina mpaka Moyale. Haikuwa wema tu. Lori likikuharibikia njia ile, waliokuja kukusaidia ni walewale uliowapa maji mwezi uliopita. Sasa mtu anapita na mwendo wa 120, na mtungi haonekani mpaka umeshaupita, na kurudi nyuma ni uvivu. Hili lami imelifanya, na sijasikia aliyelihesabu kwenye gharama zake.

Marsabit tuliingia jua likiwa bado lipo. Ni mlima, volkano ya zamani yenye msitu kichwani, na ukipanda kutoka kwenye mawe makavu unakuta miti mirefu yenye ndevu za ukungu na watu wamevaa makoti. Huko ndiko alikokuwa akiishi Ahmed, yule ndovu wa pembe ndefu ambaye Mzee Kenyatta alimtolea amri ya ulinzi mwaka 1970, akawekewa walinzi wake, akafa mwaka 1974 kwa uzee. Sanamu lake liko kwenye makumbusho ya Nairobi. Ami hakumwahi. Alichokitafuta yeye ni hoteli moja ya mabati ambapo malori yalikuwa yakilala, yenye mama aliyewawekea madereva chakula hata wakifika saa nane za usiku. Tuliuliza kwa wazee watatu. Mmoja aliikumbuka, akatuonyesha duka la simu. Tukala nyirinyiri, nyama kavu ya kukaanga, na chapati kwingine, na chai ya maziwa ya ngamia, ambayo ina uchumvi wa mbali na Ami aliirudia.

Wenyeji walitushauri tusiondoke kabla jua halijatoka vizuri, na sababu haikuwa majambazi. Usiku mifugo hulala juu ya lami kwa sababu imehifadhi joto la mchana. Ng'ombe ukimgonga ni balaa, lakini ngamia ni zaidi: miguu ni mirefu, bampa inaikata, na mwili wote unakuja kwenye kioo cha mbele kwa uzito wake. Taa za gari zinamulika miguu myembamba tu, kiwiliwili kiko juu ya mwanga. Nikishakuambia hivyo, sioni haja ya kuongeza neno juu ya kuendesha usiku huko.

Upande wa kaskazini wa Marsabit ndio jangwa lenyewe. Unapita kando ya Gof Choba, shimo la volkano lililo kubwa kiasi kwamba unaweza kulipita bila kujua ni shimo usiposhuka, kisha mlima unakuachia. Mbele ni Dida Galgalu. Mawe meusi, ya ukubwa wa ngumi mpaka ukubwa wa kichwa, yametandazwa mpaka upeo wa macho, hayana mti, hayana kivuli, na katikati yake lami nyeusi juu ya mawe meusi. Miaka ya vumbi, anasema Ami, kipande hiki ndicho kilichovunja malori: springi, chasisi, migongo ya watu. Alitaka tusimame. Tukatembea hatua chache nje ya barabara, na ilikuwa kazi, kila jiwe linayumba chini ya kiatu. Akainama akaondoa moja, chini yake udongo ulikuwa mwekundu na wa baridi, na mdudu mdogo mweusi akakimbilia jiwe la pili. Ami akalirudisha jiwe palepale.

Bubisa tulinunua biskuti. Turbi tulipita polepole. Mwaka 2005, alfajiri ya mwezi wa Julai, kijiji hicho kilishambuliwa na watu wengi wakauawa, wakiwemo watoto wa shule, na mwaka uliofuata ndege ya viongozi waliokuwa katika safari ya kutafuta amani ikaanguka Marsabit. Siku tuliyopita sisi, watoto wenye sare walikuwa wakicheza mpira kando ya barabara, mpira ukatuvukia mbele, tukasubiri wauchukue. Msafiri wa lami haambiwi kitu na kijiji akikipita kwa dakika mbili. Ami alikuwa na jamaa aliyemjua hapo, mchunga ngamia, lakini hakukumbuka jina la baba yake na bila jina la baba hupati mtu.

Kuelekea Sololo ardhi inarudisha miti, vilima vinajitokeza, na vizuizi vya polisi vinaongezeka. Vitambulisho kila mahali, maswali yaleyale, tunakotoka, tunakokwenda, ndani mna nini. Mara nyingi kwa adabu. Askari mmoja kijana, lafudhi ya Kilifi, alipoona kitambulisho cha Mombasa aliacha kazi akatuuliza kama embe zimeanza. Tulimpa korosho tulizokuwa nazo, na nadhani ndiye mtu tuliyemfurahisha zaidi njia nzima.

Moyale ni mji mmoja uliokatwa na mpaka. Kituo cha pamoja cha mpakani kilizinduliwa mwezi wa Desemba 2020, na kuna mahali magari yanabadilishana upande, kwa sababu sisi tunashika kushoto na Ethiopia inashika kulia. Ami alisimama hapo karibu saa nzima akitazama malori yakivuka kutoka upande huu kwenda ule. Nikamuuliza basi, lami ameiona? Akasema ameiona, ni kweli ipo, na ni nzuri. Kisha akasema ingekuwa vizuri zaidi kama ingekuwa na vituo vya maji kama ilivyo na vizuizi.

Jioni tukakaa kwa bibi mmoja anayeuza kahawa, nyasi mbichi zimetandazwa chini, ubani unafuka, buni zinakaangwa mbele yako. Ami akamuuliza kesho anafungua saa ngapi, akasema saa moja. Mimi nikadhani anatufuatisha Kiswahili, kumbe wenzetu wa Ethiopia wanahesabu saa vilevile tunavyohesabu sisi, jua likichomoza ndio mwanzo. Watu wa Nairobi tunaokaa nao miaka yote wanaandika saba wakasema saa moja, na hapa mgeni wa nchi nyingine hana haja ya kutafsiriwa. Kilichomshinda Ami ni mwaka. Kalenda yao iko nyuma ya yetu kwa miaka saba au minane, na ina miezi 13. Bibi alipomweleza, alipiga hesabu ya umri wake kwa vidole, akaridhika.

Tulipanga kuondoka asubuhi baada ya kikombe kimoja. Lakini kahawa yao inamiminwa mara tatu, maji yakiongezwa kwenye buni zilezile, na mgeni hainuki kabla ya mara ya tatu. Kufika ya tatu ilikuwa saa tano, na kwa saa hizo magharibi ingetukuta njiani baada ya Marsabit, ngamia wakianza kutafuta lami ya kulalia. Ami akasema basi hatuondoki leo, njia haitaki haraka. Mimi naona ni kahawa.